Walipiga dawa ya kunguni nyumba nzima na kunguni hawakuwepo: kisa kizima

Kisa chenyewe kiko hivi. Familia ya ghorofani, baba, mama, binti anayeingia ujana na mdogo wake mwenye pumu, vyumba viwili vya kulala vimepakana. Mama na binti wanawashwa usiku, asubuhi wanaamka na vipele vidogo vyekundu shingoni, mikononi na kiunoni pale mpira wa nguo ya kulalia unapobana, mdogo anavyo vichache siku moja moja, baba hana hata kimoja na ndo maana kwa wiki kadhaa alikua anasema ni joto tu au sabuni mpya ya kufulia. Baadae mama akaanza kuviona vidudu vyenyewe, vidogo mno, ukigeuza macho tu umekipoteza, vyeupe vyeupe, vingine kwenye fremu ya dirisha na vingine ndani ya kabati la nguo kule nyuma kabisa, na hapo neno kunguni likatamkwa, na likishatamkwa kwenye nyumba basi hakuna anayeuliza tena swali.

Kilichofuata wengi mnakijua. Sprei ya kopo ikamwagwa kwenye godoro, mito na chaga za kitanda afu usiku ule ule wakalala hapo hapo. Kuwashwa kukazidi. Akaitwa fundi wa kupiga dawa, akaonyeshwa picha ya kwenye simu, akasema hao ni watoto wa kunguni, akapiga nyumba nzima, baada ya wiki mbili akarudi akapiga tena. Yakaja yale mabomu ya moshi unayoyawasha chumbani unafunga mlango unatoka. Godoro moja likatupwa. Vidudu vya kabatini vikapungua siku chache vikarudi, vya dirishani ndo kwanza vikaongezeka.

Nilipoletewa hii kesi swali langu la kwanza lilikua moja tu, je kuna yeyote humo ndani ameshamwona kunguni mkubwa? Maana kunguni mtu mzima ana kama milimita 5, kahawia, bapa, huyo huhitaji lenzi wala miwani kumwona. Na nyumba yenye watoto wengi wa kunguni lazima iwe na wazazi wao, lazima iwe na maganda waliyojivua wakikua, na madoa meusi ya kinyesi kwenye mishono ya godoro na kwenye maungio ya kitanda, na mayai meupe ya milimita 1 yaliyogandishwa kwenye nyufa. Hivi vitu havikwepeki. Mama akageuza godoro lililobaki, akafungua mishono yote, akatoa chaga zote akazimulika na tochi moja moja, akaangalia nyuma ya ubao wa kichwani. Safi. Yaani miezi miwili ya kuumwa kila usiku na godoro halina hata doa moja? Hiyo kwangu haiji. Afu kunguni hana tabia ya kuzurura kwa wingi mchana kwenye fremu ya dirisha, mchana kajichimbia karibu na mtu anapolala.

Picha alizonitumia zilikua za mbali, nukta nyeupe kwenye mbao, unaweza kusema chochote ukitaka. Vipele navyo alipiga picha kumi na kitu na akaniuliza, kaka si unaona vimejipanga mstari, nimesoma kunguni ndo huuma hivyo. Jamani hili wacha nilikazie kidogo maana linapoteza watu sana. Kipele hakisemi aliyeuma ni nani. Mbu, viroboto, kunguni, utitiri, hata mzio wa dawa, vyote vinaweza kutoa vipele vinavyofanana, na vinaweza vikajipanga au visijipange, kwa sababu unachokiona ni ngozi yako inavyojibu mate ya mdudu, sio alama ya meno yake. Na ngozi hazijibu sawa. Ndo hiyo ya baba watoto kutokua na kipele, watu wakaichukulia kama ushahidi kwamba mdudu hampendi au kwamba wengine wanajitungia, kumbe mtu anaweza kuumwa usiku kucha na ngozi yake isionyeshe kitu. Kwa hiyo daktari mzuri akiangalia vipele atakwambia hivi vinaonekana vya mdudu, akikwambia mdudu gani kwa kuangalia kipele peke yake basi anabahatisha.

Nikamwambia dada, simamisha dawa yote kwanza, nataka mzoga au mzima, nataka wa kabatini na wa dirishani na usiwachanganye.

Namna ya kukamata ni rahisi na haina gharama. Chukua selotepu ile ya kung'aa, gusa kidudu kwa upande wa gundi, usikandamize maana ukikandamiza umekisaga na hakuna tena cha kutazama, bandika ile selotepu kwenye karatasi nyeupe, andika tarehe na mahali ulipokitoa. Vingine weka kwenye kichupa chenye spiriti, humo havinyauki, unaweza kumpelekea mtaalamu hata baada ya mwezi. Simu ya kawaida ukiiwekea lenzi ndogo ya kukuza mbele ya kamera, ile ya mara 10 na kuendelea, inakuonyesha miguu, na miguu ndo tunayoitaka. Ukiweka na rula kwenye picha utakua umenisaidia zaidi maana "kidogo sana" kwa kila mtu ina urefu wake.

Zikaja picha za kabatini kwanza. Mdudu wa milimita 1 hivi, mwili laini mrefu mrefu, rangi ya krimu, kichwa kikubwa kuliko ulivyotegemea na uso umevimba kwa mbele, miguu sita, ya nyuma mapaja yamejaa, na antena mbili ndefu nyembamba kama uzi zinazidi nusu ya mwili. Nikamuomba video nikaona anakimbia kwa kushtuka shtuka, anaenda anasimama anarudi kinyumenyume kidogo anaenda tena. Huyo sio kunguni na hajawahi kumuuma mtu tangu azaliwe. Huyo ni chawa vitabu, jina baya kwa kweli maana chawa wenyewe ni ndugu zake lakini huyu hanyonyi damu, anakula ukungu ule usioonekana kwa macho unaoota kwenye karatasi, mbao, ukuta wenye unyevu, na gundi ya majalada ya vitabu vya zamani, ndo akapata jina. Wale wanaoenea sana majumbani, jenasi ya Liposcelis, hawana mabawa, na kuna aina moja maarufu, Liposcelis bostrychophila, ambayo karibu wote ni majike na wanazaa bila dume, kwa hiyo mmoja tu akifika kwenye katoni lenye unyevu inatosha.

Mtoto wa kunguni wa hatua ya kwanza naye ana kama milimita 1.5 na ni mweupe mweupe, ndo maana fundi akateleza, ila yeye amebapa na umbo lake ni la yai, antena zake fupi zina vipande vinne tu, na akishakunywa damu tumbo linakua jekundu unaliona kabisa kwa nje. Ukiwaweka hawa wawili kwenye karatasi moja huhitaji shule.

Basi, mama akafurahi, akamwambia baba watoto tumepona ni chawa wa vitabu hawaumi. Nikamwambia subiri dada, huyu hawaumi sawa, sasa aliyewauma ni nani?

Hapa ndo penye utamu wa kesi. Picha za dirishani zilipofika, mdudu mwingine kabisa. Mdogo zaidi, kama milimita 0.7, umbo la yai, hana kiuno, hana antena, miguu minane, na ile miwili ya mbele anainyanyua hewani anapapasa nayo anapotembea, mtu asiyejua atasema hizo ndo antena. Wengi rangi ya kijivu cheupe, karibu uone ndani yake, lakini kwenye karatasi ile kulikua na wawili wekundu wa kuiva na mmoja karibu mweusi. Nikamwambia huyo mwekundu msage kwa kucha kwenye karatasi nyeupe. Akasaga, akapiga picha: michirizi ya damu. Hiyo rangi haikua yake, kaitoa kwenye mwili wa mtu au wa mnyama.

Huyo ni utitiri, na utitiri sio mdudu wa kundi la nzi na mende, yuko ukoo wa buibui na kupe. Ila angalizo moja, kigezo cha miguu minane kinafanya kazi kwa wakubwa, wale watoto waliotoka kwenye yai wana sita, kwa hiyo ukipata mmoja tu mwenye sita usifunge kesi, kamata wengi.

Kabla sijauliza anatoka wapi ilibidi niondoe wengine wanaofanana kwa jina. Kuna utitiri wa ugonjwa wa upele, Sarcoptes scabiei, huyo anaishi ndani ya ngozi ya mtu, ana milimita 0.3 mpaka 0.4 na huwezi kumkuta anatembea dirishani, nje ya mwili anamaliza siku mbili tatu kafa. Lakini kuwashwa usiku kwa watu wa nyumba moja ni dalili yake pia, kwa hiyo binti na mama walienda kwa daktari wa ngozi, akaangalia katikati ya vidole, viwiko, vifundo vya mikono upande wa mkunjo, hakuna vile vistari vya mifereji, akasema sio upele. Hii hatua msiiruke maana upele unatibika kwa dawa ya hospitali na nyumba nzima inatibiwa siku moja, usipougundua utakua unafua mashuka milele. Kuna na utitiri wa vumbi, Dermatophagoides, huyo ana milimita 0.2 mpaka 0.3, humuoni kwa macho, na haumi mtu, anakula magamba ya ngozi tunayoyadondosha. Viroboto wanaruka, hawa hawakuruka. Chawa wa kichwani wangekua kichwani.

Akabaki utitiri wa ndege. Wanaoingia sana majumbani ni Dermanyssus gallinae, yule mwekundu wa kuku na njiwa, na wawili wa jenasi ya Ornithonyssus, bursa na sylviarum. Watu waliofuga kuku utitiri wanaujua vizuri, unaokota mayai bandani unatoka mkono mzima unatembea. Lakini hii ni ghorofani na hakuna kuku.

Nikauliza, dada kuna ndege hapo karibu? Akajibu hapana hatufugi. Nikasema sijauliza mnafuga, nauliza njiwa, shomoro, mbayuwayu, chochote kilichojenga juu ya dirisha, kwenye dari, kwenye mashine ya nje ya kiyoyozi. Kimya kidogo. Afu: "Njiwa walikua nyuma ya mashine ya kiyoyozi, walitotoa hapo, ila makinda yalishakua yakaruka, siku hizi hawapo."

Siku hizi hawapo. Hapo nilijua tumefika.

Wengi hudhani ndege akiondoka na vidudu vyake vinaondoka naye, mambo yanaenda kinyume. Ndege akiwa amelalia mayai, na makinda yakiwa humo hayana manyoya, utitiri wana chakula cha kutosha na hawana sababu ya kwenda popote. Kwenye joto Dermanyssus anatoka kwenye yai mpaka mtu mzima kwa kama wiki moja tu, kwa hiyo mpaka makinda yanaruka kiota kinaweza kua na maelfu. Siku ndege wanahama, hao maelfu wanaamka na njaa, wanaanza kutembea kufuata joto na hewa tunayoitoa puani, na ukuta wa chumba cha kulala ndo wa karibu. Mama alipojumlisha tarehe, vipele vilianza kama wiki moja baada ya makinda kuondoka. Mabomu ya moshi yalikua yanaua waliokwisha kuingia, waliobaki nje nyuma ya kiyoyozi hata harufu hawakuisikia.

Sikutaka tufanye kazi kwa kukisia tu, nikamwambia tunawategea. Mabomba ya kiyoyozi yanaingia chumbani kupitia tundu ukutani, na lile tundu lilikua limezibwa kwa sponji la povu ambalo lilishakatika pembeni. Akazungushia selotepu kwenye bomba na ukutani kuzunguka tundu, gundi ikiangalia nje. Akaweka nyingine ukingo wa chini wa dirisha, nyingine nyuma ya kabati, nyingine mguu wa kila kitanda. Akazima taa akaenda kulala chumba kingine. Asubuhi selotepu ya kwenye bomba ilikua imejaa vumbi la kijivu, ukisogeza lenzi lile vumbi lina miguu na lingine bado linapepesuka likijaribu kujinasua. Ya dirishani walikua wachache. Ya miguu ya kitanda, kile cha mama wawili watatu, cha binti zaidi kidogo, na kitanda cha binti ndo kilichokua karibu na ule ukuta wa kiyoyozi. Nyuma ya kabati chawa vitabu peke yao.

Hiyo selotepu ilitusaidia kuliko picha zote. Maana hata kama ningekua sijui jina la mdudu, ilikua inaonyesha anatokea wapi na anaelekea wapi.

Sasa matibabu, na hapa mpangilio ndo kila kitu. Baba watoto baada ya kuona ile selotepu alitaka kutoka saa hiyo hiyo na ufagio akasukume kiota chini. Nikamkataza. Ukikivuruga kiota wakati tundu liko wazi, wale waliokua bado wametulia humo wote wanatoka na njia wanayoijua ni ile ile ya chumbani. Unaziba kwanza kwa ndani. Akatoa sponji la zamani, akalitia kwenye mfuko akaufunga, akafuta tundu kwa kitambaa chenye maji na sabuni, akajaza silikoni kuzunguka mabomba mpaka hakuna mwanya, na nyufa za fremu ya dirisha vile vile. Ilipokauka wakaacha selotepu mpya usiku mmoja kuona kama kuna anayepita. Hakupita mtu.

Ndo wakaenda nje. Kabla ya kugusa kiota chochote hakikisha hakina yai wala kinda, nchi nyingi zina sheria juu ya hilo kwa ndege wa porini, na hata pasipo sheria kuua makinda ili usiwashwe sio kazi ya kujisifia. Chao kilikua kitupu. Kinyesi cha njiwa kikavu ni hatari kwa mapafu, kina vimelea vya ukungu vinavyoweza kukuletea ugonjwa, kwa hiyo barakoa inayobana vizuri, glavu, na kinyesi kinalowanishwa kwanza kwa maji ya sabuni mpaka kiloe kabisa ndo kinakwanguliwa, usikifagie kikavu hata kidogo. Kiota kikaingia mfuko wa plastiki, mfuko ukaingia mfuko mwingine, ukafungwa ukatolewa nje ya jengo siku ile ile. Kwa kuwa ni ghorofani ile kazi ya nje aliifanya fundi wa viyoyozi mwenye mkanda wa kujifungia, msijaribu kuning'inia dirishani kwa sababu ya utitiri. Ukingo ukaoshwa, ukapigwa dawa moja tu, ambayo kwenye lebo imeandikwa wazi inaua utitiri na kupe, maana dawa nyingi za mende na mbu sio lazima ziwapate hawa. Afu ukafungwa wavu mgumu nyuma ya mashine ili njiwa wasirudi. Njiwa wanarudi pale pale msimu hadi msimu, bila wavu kazi yote hii umeifanya kwa ajili ya miezi michache.

Ndani hatukupiga dawa yoyote. Mama alishangaa sana hapo. Lakini fikiria, utitiri wa ndege anaweza kumnyonya mtu lakini damu ya mtu peke yake haimtoshi kuendeleza kizazi, amekuja kwa shida tu. Ukishamkatia njia waliobaki ndani wanahesabika. Ikawa mashine ya kufyonza vumbi kwenye kona, nyuma ya vitanda, kwenye fremu, mapazia na zulia, na mfuko wake ukitolewa unafungwa unatupwa hapo hapo. Nyuso ngumu zinafutwa kwa kitambaa cha maji ya sabuni, kidudu cha milimita 0.7 kwenye kitambaa chenye sabuni hakina pa kukimbilia. Mashuka, foronya na nguo za kulalia zinafuliwa kwa maji ya nyuzi 60, vile visivyofulika vikafungwa kwenye mifuko vikawekwa kando. Kitanda cha binti kikasogezwa kisiguse ukuta wala pazia. Niliwaambia wategemee wiki chache za mmoja mmoja, na kwamba yule mwekundu wa kuku na njiwa, Dermanyssus, anaweza kukaa miezi kadhaa bila kula kwenye ufa, kwa hiyo kumwona mmoja baada ya mwezi sio kwamba wameanza upya.

Kuhusu mabomu ya moshi wacha niseme langu. Yananiudhi. Ule moshi unatua juu ya meza, juu ya kitanda, kwenye toi za watoto, na mdudu yuko ndani ya ufa anakusubiri. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ohio State kule Marekani walichapisha majaribio ya mabomu matatu yanayouzwa madukani dhidi ya kunguni, wakakuta hayafai kitu, hasa kunguni akiwa na sehemu ndogo tu ya kujificha. Hao ni kunguni wa kweli, achilia mbali nyumba isiyo nao. Na gesi inayosukuma ile dawa inashika moto, ukiyawasha mengi kwenye chumba kidogo chenye jiko au kitu kinachotoa cheche umejitafutia mengine.

Na hili la kuwashwa kuzidi baada ya sprei. Dawa za jamii ya pairethroidi, zile zinazotiwa kwenye sprei nyingi za wadudu, zikigusa ngozi zinaweza zenyewe kuwasha, kuchoma choma na kukufanya uhisi kitu kinatembea. Sasa mtu anamwaga dawa kwenye godoro, analala juu yake, anawashwa zaidi, anasema wameongezeka, anamwaga tena. Mama alipoacha sprei na kufua kila kitu, sehemu ya kuwashwa ilipungua ndani ya siku chache hata kabla tundu halijazibwa, kwa hiyo mi naamini sehemu nzuri ya mateso ya hii nyumba ilitoka kwenye kopo.

Chawa vitabu walikua kazi nyingine na ya polepole. Hawa dawa yao ni ukavu. Miili yao inategemea unyevu wa hewa, ukishuka chini ya asilimia 50 na ukakaa hapo wanakauka wanakufa, ukibaki juu ya 60 utawapiga dawa mpaka uchoke. Kipima unyevu nyuma ya kabati kilisoma 78, katikati ya chumba 61. Kabati lilikua limebanwa kwenye ukuta wa bafu, na upande wa pili kulikua na bomba linalovuja taratibu ndani ya vigae, rangi ya ukuta ilishaanza kutoa mapovu ila hakuna aliyewahi kulisogeza hilo kabati. Bomba likatengenezwa, kabati likasogezwa kiganja kimoja kutoka ukutani, ukungu ukafutwa, katoni la makaratasi ya zamani likapunguzwa na yaliyobaki yakaanikwa, madirisha yakawa yanafunguliwa mchana hewa ipite. Nyuma ya kabati ikashuka mpaka 48 baada ya ukuta kukauka, na hilo lilichukua wiki nyingi, ukuta uliolowa haukauki kwa kuuombea.

Jambo moja la mwisho kwenye upande wa watu. Utitiri walishaacha kuonekana kwenye selotepu na binti bado anasema anahisi vinatembea, akawa ananitumia picha za vitu alivyovikamata. Nikaangalia zote kwa uzito ule ule wa mwanzo: uzi wa blanketi, punje ya mchanga, gamba la kipele chake mwenyewe, nywele. Hii ni kawaida sana baada ya miezi ya kuumwa, ngozi inakua imeshajifunza kushtuka, na kujikuna kwenyewe kunaendeleza vipele. Dawa hapa ni kuendelea kuangalia selotepu na kumwonyesha kwamba haina kitu, daktari akampa krimu ya kutuliza, na akaambiwa akate kucha. Kumcheka au kumwambia ni mawazo tu haisaidii, na kumpigia dawa nyingine ili aridhike ni mbaya zaidi. Ingekua hali inaendelea kwa miezi na hakuna mdudu yeyote, hapo narudi kwa daktari na siitafuti tena kwenye kabati.

Mashuka ya nyuzi 60 wanaendelea nayo kila wiki, na hiyo haihusiani tena na njiwa wala kabati, ni kwa ajili ya yule mdogo mwenye pumu. Yule utitiri wa vumbi nilioutaja juu juu, asiyeuma na asiyeonekana, kinyesi chake kina protini inayochokoza pumu na mafua ya mzio, tangu mwaka 1964 kundi la Voorhorst kule Leiden Uholanzi lilishamshuku kwamba ndo chanzo cha mzio wa vumbi la nyumbani. Huyo yupo karibu kila godoro lililotumika kwenye nyumba yenye unyevu na humalizi wote, unampunguza kwa maji ya moto, kwa kifuniko cha godoro kisichopitisha vumbi, na kwa kile kile kipima unyevu kuendelea kusoma chini ya 50. Kwa hiyo bomba la bafu lililotengenezwa kwa ajili ya wadudu wasiomuuma mtu ndo huenda likawa limemsaidia mtoto kuliko kila dawa iliyopigwa humo.